Miche kufia mu pepinyeri: mara nyingi kosa si ya mbegu

Kila mara sezoni A inapofunguliwa mwezi wa tisa, na tena sezoni B mwezi wa pili, malalamiko ni yaleyale, kutoka milima ya Lubero mpaka tambarare ya Ruzizi. Mbegu ya tomati ao ya shu iliota vizuri, miche ikafikisha majani mawili ao matatu, kisha ikageuka manjano, ikajikunja, ikakufa. Wa kwanza kushitakiwa ni muuzaji wa mbegu. Wa pili ni mvua. Wa tatu, fasi zingine, ni jirani mwenye roho mubaya. Dawa ya kuua majani mabaya, yenye ilipuliziwa wiki mbili mbele ao sezoni iliyopita, haitajwi hata.

Hasara yenyewe si kidogo. Kopo moja ya mbegu ya tomati ao ya shu kutoka inje ya inchi inauzwa kwa dola. Familia nyingi zinakopa ili kuinunua, zikihesabu kwamba deni italipwa na mavuno. Pepinyeri ikikufa, wiki nne mpaka sita zimepotea, na kupanda upya ni kuchelewa: mavuno itafika sokoni wakati kila mutu anauza, ao mvua itakuwa imekatika. Na kama chanzo hakijulikani, mukulima atanunua mbegu ingine, ataimwanga mu udongo uleule, na itakufa tena.

Ndiyo maana inaomba kuelewa namna muche muchanga unakunywa dawa hizi, na kwa nini mimea fulani inavumilia na ingine haivumilie.

Sababu dawa hizi zinaongezeka

Miaka ya nyuma, kupalilia ilikuwa kazi ya jembe na ya mikono ya jamaa. Leo, fasi nyingi za mashariki, mikono hiyo haiko. Vijana wamekimbilia mu miji ao mu machimbo. Watu wamehama mara moja, mara mbili, mara tatu juu ya vita. Anayerudi kwake nyuma ya miezi mingi anakuta shamba limefunikwa na majani mpaka kiunoni. Tangu mapigano ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifungwa mu miji hiyo na pesa ya mukononi ikawa ngumu kupata, kwa hiyo kulipa watu kumi wa kulima siku tano imekuwa mzigo.

Mbele ya hali hiyo, chupa moja ya dawa na pompi ya mugongoni vinafanya kwa asubuhi moja kazi ya wiki. Hesabu ya mukulima ni sawa. Tatizo ni kwamba chupa inafika bila maelezo. Dawa nyingi zinapitia mipakani, kutoka Uganda, Rwanda, Burundi ao mbali zaidi, na etiketi ya Kiingereza ao ya Kifaransa. Mu soko ndogo zinagawanywa mu chupa za maji ao za soda, na hapo hata etiketi haiko tena. Mununuzi anaambiwa tu kwamba ni "dawa ya majani".

Lakini hakuna dawa moja ya majani. Kuko nyingi, na kila moja inaua kwa njia yake.

Milango tatu ya kuingia

Dawa inaingia mu muche kwa milango tatu.

Mulango wa kwanza ni jani. Juu ya kila jani kuko ngozi nyembamba yenye nta. Dawa inapashwa kushika pale, kukaa na maji muda wa kutosha, kisha kupenya. Jani la shu lililokomaa liko na nta nyingi, matone yanateleza na kuanguka. Jani la kitunguu linasimama wima, halishike tone sana. Muche wa siku kumi hauna kinga hiyo: ngozi yake ni laini, nta haijajijenga, na dawa inapita haraka.

Mulango wa pili ni muzizi. Dawa yenye iko mu udongo inayeyuka mu maji, muche unakunywa maji hayo na kuyapandisha mpaka mu majani. Ni vile atrazini, yenye inatumiwa sana mu mahindi, na metribuzini, yenye inatumiwa mu pomdetere na tomati, zinaingia.

Mulango wa tatu ni shina changa lenye linapasua udongo kutoka chini. Dawa kama pendimetalini inakaa juu ya udongo kama blanketi, na muche unapopanda unakutana nayo njiani. Mbegu ndogo za juu ndizo zinaumia kwanza. Mbegu kubwa yenye imewekwa chini zaidi inaweza kuponea, kwa sababu muzizi wake unakunywa chini ya blanketi hiyo.

Kisha kuingia, dawa zingine zinabaki pale ziligusa. Parakwati inachoma tu sehemu yenye tone lilianguka, na jua likiwaka, jani linakauka siku ileile. Dawa hii Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007. Ni sumu kali sana kwa mutu: funda moja inaweza kuua, na hospitali haina dawa ya kuivunja. Zingine zinatembea. Glifosati inaingilia jani, inashuka pamoja na sukari ya mumea mpaka mu mizizi, inapanda mpaka mu ncha changa, na inafunga njia yenye mumea unatumia kutengeneza chakula fulani cha mwili wake. Ndiyo sababu haichagui: majani mabaya, tomati, lengalenga, yote ni sawa kwake.

Kuvumilia si bahati

Kama dawa moja inaua jani baya na kuacha muche, si kwa sababu dawa iko na akili. Ni muche wenye uko na namna ya kuivunja ndani ya mwili wake mbele haijafanya kazi.

Mahindi ni mfano bora. Yanakunywa atrazini kama mumea mwingine wowote, lakini ndani yake yanaibadilisha haraka kuwa kitu chenye hakiumize. Maharagi, shu, tomati na vitunguu havina nguvu hiyo. Karoti iko na uwezo wa kuvunja linuroni, na ndiyo sababu dawa hiyo ilitumiwa miaka mingi mu mashamba ya karoti Ulaya, mpaka Umoja wa Ulaya ulipokataa kuongeza muda wake mwaka 2017 juu ya afya ya watu.

Tomati na metribuzini inafundisha zaidi. Tomati inajikinga kwa kushikanisha dawa na sukari yake yenyewe, na dawa yenye imefungwa na sukari haina nguvu tena. Lakini sukari inatokana na jua. Muche ukipita siku kadhaa chini ya mawingu mazito, sukari inapunguka na kinga inapunguka nayo. Dozi yenye tomati ilivumilia wiki ya jua inaweza kuiua wiki ya mawingu. Umri nao ni vilevile: muche wenye majani mawili uko dhaifu, wenye majani matano ao sita na mizizi iliyoshika vizuri unavumilia zaidi. Aina ya tomati pia inahesabika, zingine ziko ngumu, zingine laini.

Mutu wa Kabare, wa Masisi ao wa Lubero anaona matokeo yake mara moja. Kule juu, wiki ya mawingu na baridi mu mwezi wa kumi na moja ni jambo la kawaida, na ni wakati huohuo majani mabaya yanaongezeka na mukulima anakamata pompi. Dawa yenye jirani wa tambarare alipulizia chini ya jua bila matatizo inaweza kuleta kilio mulimani.

Udongo unaingia pia mu hesabu. Udongo wa mufinyanzi na wenye mboleo mingi unashika dawa nyingi, haziachilie kwa muzizi. Udongo wa muchanga unaziachilia, na mvua kubwa inazishusha moja kwa moja kwenye mizizi. Glifosati inashikwa kwa nguvu sana na mufinyanzi wenye chuma, ndiyo maana kwa kawaida haiumize mbegu yenye inapandwa nyuma yake. Lakini jambo hilohilo linaleta mutego mwingine: mutu akichanganya glifosati na maji ya matope ya muto, matope inaikamata ndani ya pompi. Majani hayakufe, anasema dawa ni ya uongo, kesho yake anaongeza dozi mara mbili.

Etiketi iliandikwa kwa shamba lingine

Kuko jambo lenye halizungumziwi sana. Dawa hizi zilitengenezwa kwa mashamba ya mumea mumoja: hekta nyingi za mahindi matupu ao za ngano tupu. Glifosati ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974. 2,4-D ni ya zamani zaidi, ilitoka mu utafiti wa wakati wa vita ya pili ya dunia, na kazi yake ni kuua mimea ya majani mapana na kuacha nafaka. Kwa mukulima wa mahindi kule Marekani, hiyo ni faida tupu.

Shamba la Kivu si hivyo. Fasi ileile muna mahindi, maharagi, muhogo, maboga, na pembeni lengalenga yenye haikupandwa na mutu, lakini ndiyo inapikwa jioni. Dawa yenye "inaacha mahindi" itaua maharagi, itageuza majani ya muhogo, na itamaliza maboga. Tena mu etiketi nyingi za dawa hizi, jamaa ya lengalenga imeandikwa mu liste ya majani mabaya ya kuua. Kwa mwenye kuitengeneza chupa, lengalenga ni adui. Kwa mama wa Uvira ao wa Rutshuru, ni mboga ya watoto na pesa ya chumvi.

Halafu muna mufuatano wa mimea. Mutu anapulizia atrazini mu mahindi ya sezoni A. Mahindi yanavunwa, na mu sezoni B, palepale, anamwanga pepinyeri ya shu. Nusu ya atrazini inaweza kuhitaji miezi miwili kuvunjika, na fasi kavu muda zaidi. Inabaki kidogo, haionekane, hainuke. Kwa mahindi hiyo kidogo ni bure. Kwa muche wa shu inatosha. Umoja wa Ulaya uliamua kuondoa atrazini sokoni mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa inaonekana mu maji ya chini ya ardhi. Ni dawa yenye inajua kukaa na kutembea.

Dozi: kosa la kopo

Hesabu ndogo inaonyesha namna kosa linaingia. Tuseme etiketi inaomba litre 3 kwa hekta. Shamba la mita 20 kwa 50 ni sehemu moja ya kumi ya hekta, kwa hiyo linaomba mililitre 300 tu. Kama mukulima anamaliza pompi mbili kwa shamba hilo, kila pompi inapashwa kupata mililitre 150. Lakini kipimo chenye kiko mukononi ni kikombe cha chai cha mililitre 250. Akitia kikombe kimoja kwa kila pompi, ametumia nusu litre, sawa na litre 5 kwa hekta. Hakukusudia kitu kibaya, na muche umepata karibu mara mbili.

Kosa la pili ni pompi yenyewe. Asubuhi pompi imebeba 2,4-D kwa mahindi, muchana imebeba dawa ya wadudu kwa tomati. Tomati ni moja ya mimea yenye inaogopa 2,4-D kupita yote. Mabaki kidogo mu tumbo la pompi, mu mupira ao mu ncha yake, inatosha kukunja majani. Upepo pia unabeba: jirani anapulizia mahindi yake saa sita, joto na upepo vikiwa juu, na pepinyeri ya upande wa pili inalipa.

Kusoma muche wenye unakufa

Muche wenye unakufa unaonyesha chanzo, kama mutu anautazama mbele ya kuung'oa.

Mbegu mbaya haioti, ao inaota moja moja. Kama karibu zote ziliota kisha zikakufa pamoja, mbegu haina kosa.

Kama miche iliota kijani, ikakaa siku kadhaa, kisha majani ya zamani ikawa manjano na kukauka kutoka pembeni, shaka ya kwanza ni atrazini ao metribuzini mu udongo. Dawa hizi hazizuie mbegu kuota. Zinafunga kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa jua, kwa hiyo muche unaishi kwa akiba ya mbegu, na akiba ikiisha unakufa.

Kama majani mapya yamejikunja, yamekuwa membamba kama kamba, na shina limepinda, ni alama ya 2,4-D ao ndugu zake. Lakini kuwa muangalifu: virusi fulani za tomati zinafanya majani yafanane vilevile. Tofauti ni kwamba virusi inaenea polepole, muche huu leo, ule kesho. Dawa inapiga wote siku moja, na mara nyingi zaidi upande wenye upepo ulitokea.

Kama ni majani changa ya katikati ndiyo yanageuka meupe ao manjano kutoka chini yake na muche unasimama bila kukomaa, fikiri glifosati. Kama mizizi ni mifupi na imevimba ncha, fikiri pendimetalini. Kama ni madoa ya kuungua yaliyotawanyika kama matone, fikiri parakwati.

Na kama shina limekuwa jembamba na jeusi palepale kwenye udongo, muche ukaanguka, hiyo si dawa. Ni ugonjwa wa kuoza, wenye unaletwa na kumwangilia sana na kubananisha miche. Kuupatia pesa ya dawa ingine ni kupoteza.

Kopo sita za kupima

Kabla ya kumwanga kopo ya mbegu ya dola mu udongo wenye hujui historia yake, kuko njia ya bei rahisi. Kamata kopo sita za tomati ao vikombe vya plastiki, toboa chini. Tatu zijaze na udongo wa shamba lenye una mashaka nalo, wa juu mpaka kina cha kiganja, kutoka pande mbalimbali. Tatu zijaze na udongo wa fasi yenye haijapata dawa kamwe, kwa mfano pembeni ya nyumba. Panda maharagi na mbegu kidogo za mboga yenye unataka kulima. Weka zote kwenye jua moja, mwangilia maji yaleyale, ngoja wiki tatu.

Kama za shamba zinageuka manjano ao zinajikunja na zingine ziko sawa, udongo bado uko na dawa. Panda mahindi pale na peleka pepinyeri fasi ingine. Mboleo iliyoiva vizuri inasaidia kushika mabaki ya dawa, lakini chunga inatoka wapi: Uingereza, mwaka 2008, walimaji wa bustani waliona tomati na maharagi yao yakijikunja kwa sababu ya mboleo ya ngombe wenye walikula majani yaliyopuliziwa dawa.

Mambo mengine ni ya nidhamu. Pompi ya dawa ya majani iwe peke yake, na iandikwe kwa rangi. Haiwezekane, basi ioshwe mara tatu, pamoja na mupira na ncha. Kupulizia ni asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia. Maji iwe safi. Lengalenga ya shamba lenye limepuliziwa isichumwe kwa kula. Chupa tupu itobolewe, isirudi nyumbani kubeba maji ao mafuta.

Nani anapashwa kujibu

Kumuachia mukulima peke yake mzigo huu si haki. Inchi iko na vyombo. SENASEM inachunga ubora wa mbegu. OCC inachunguza vitu vyenye vinaingia. Ispeksheni ya kilimo ya jimbo iko na ma-agronomu mpaka mu teritware. INERA iko na kituo chake cha utafiti Mulungu, mu Kabare. Kwa mbegu, mukulima anaweza kuuliza cheti. Kwa dawa yenye inauzwa mu chupa ya soda, hana cha kuuliza.

Mambo matatu yanawezekana hata mu hali hii ngumu. Ya kwanza, wauzaji wakatazwe kugawanya dawa bila kuandika jina lake, na jina linalohesabika ni la kemikali yenyewe, si la chapa tu. Ya pili, ma-kooperative yabandike mu depo zao karatasi moja ya Kiswahili: dawa hii inaacha mumea gani, inaua gani, na muda gani wa kungoja mbele ya kupanda mboga. Ya tatu, mukulima aandike mu daftari dawa gani, shamba gani, tarehe gani. Daftari hiyo ndiyo itamutetea siku atashitaki muuzaji, na itamutetea muuzaji wa mbegu pia kama hana kosa.

Kwa wale wenye miche yao imekwisha kuungua, hakuna kitu cha kuirudisha. Mbolea ya kununua haiondoi dawa mu muche. Lakini usiing'oe yote na kuitupa. Kamata miche michache pamoja na udongo wake, kamata chupa ya dawa yenye ilitumiwa, hata tupu, na vipeleke kwa agronomu wa karibu mbele ya kununua mbegu ya pili.